Bendi Niliyoizika

Vijana wangu wa vyombo, siku mliyoniaga pale Oyugis mlinipa kalamu yenye jina langu, mkaniambia niandike kidogo kuhusu kazi. Nimetii, ingawa kalamu yenyewe inavuja. Mambo ya malipo sitayagusa, maana nikiyaanza presha itapanda na mke wangu ndiye atakayehangaika kunipeleka hospitali. Wala sitaeleza nilivyopanda cheo kutoka mbeba betri hadi msimamizi. Nilisimamia watu wawili, na mmoja wao nilikuwa mimi. Nataka kuandika juu ya bendi moja ya watu wanne. Nyimbo zao mnazipiga kwenye arusi hadi leo, mmezitoa kwenye simu, na nikiwauliza ni nani anaimba mnanijibu kwamba ni zilizopendwa tu. Watu hao walikuwa na majina. Mimi ndiye niliyewazika, kwa maana kwamba spika zangu zilikuwapo kila mmoja wao alipoteremshwa chini, na nachukia kwamba hamwajui.

Nilianza kazi miaka ya themanini ikielekea ukingoni, dukani kwa Bwana Hamisi. Alikuwa mtu wa Lamu aliyefika Oyugis kuuza redio na magodoro, akaoa, akakaa. Nyuma ya duka alikuwa na amplifaya moja, honi mbili za bati, maiki moja nzito kama mchi, na betri ya lori. Vyombo hivyo alivikodisha kwa makanisa, wanasiasa na wafiwa. Siku yangu ya kwanza aliniambia nibebe betri wima. Sikumsikiliza, nikailaza begani, na kufika jioni suruali yangu ilikuwa na matundu ya asidi hadi magotini. Siku ya pili nilibeba wima. Bwana Hamisi hakunikaripia, aliniuliza tu kama kwetu kuna suruali nyingine.

Alinifundisha mambo ambayo nyinyi hamtayahitaji, kwa sababu mitambo yenu inajifikiria yenyewe. Kwa mfano, maiki ya matangani huisha upesi kuliko ya siasa, kwa sababu mwanasiasa huitemea mate peke yake lakini mfiwa huitemea mate na machozi pia. Ilitubidi tuifungue kila baada ya mazishi na kuifuta kwa spiriti. Honi nazo alinikataza kuzielekeza kwa watu waliokwisha kuketi. Zilitakiwa kutazama ng'ambo, kwenye kilima cha pili, wanakoishi wale ambao bado hawajajua. Siku zile simu zilikuwa za posta, na tangazo la kifo redioni lilihitaji mtu asafiri hadi mjini. Honi ndiyo iliyopeleka habari. Watu wakisikia uimbaji wa msiba kutoka upande fulani waliweka jembe chini, wakaulizana ni boma la nani, wakafuata sauti.

Sasa hiyo bendi. Iliitwa Awach Sunset, jina ambalo sikuwahi kulielewa, kwa sababu walianza kupiga asubuhi siku za soko na kufika magharibi walikuwa wamelewa. Kiongozi wao alikuwa Owiti, mwenyeji wa hapa karibu na Oyugis, mwimbaji mrefu aliyevaa koti hata wakati wa jua. Chacha, Mkuria kutoka upande wa pili wa Migori, alipiga gita la kwanza, na vidole vyake vilikuwa vyepesi mno. Ngoma zilikuwa za Aloo, mtoto wa wavuvi wa Kisegi, ambaye hakuweza kukaa kimya hata mezani. Alikuwa akigonga sahani. Wa nne alikuwa Atieno, nyar Kosele, yaani binti wa Kosele, kama tulivyozoea kumwita. Aliimba sauti ya pili na kucheza. Kuna polisi mmoja alikuja kufunga onyesho lao la sokoni kwa kukosa kibali, akamwona Atieno akicheza, na alipoondoka alisahau kofia. Aloo aliivaa kofia hiyo mwezi mzima hadi mwenyewe alipoijia.

Walikodi honi zetu, na mimi nilikuwa nikienda nazo, kwa hiyo niliwazoea. Tulikwenda hadi Migori, kwenye mabaa yaliyojaa wachimba dhahabu, na tulikwenda ufuoni huko Kisegi ambako samaki walikuwa wengi na watu walikuwa na haraka ya kufurahi. Walikuwa wazuri. Nasema hivi nikijua kwamba kila mzee husema bendi za zamani zilikuwa nzuri. Hawa walikuwa wazuri kweli.

Aloo ndiye aliyetangulia, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Alikonda, akakohoa, mikono ikakosa nguvu za fimbo. Wengine walisema ni chira, ile laana ya kuvunja miiko. Wengine walisema kifua. Mazishini ilitangazwa kwamba ni malaria kali. Nyinyi hamkuwapo, kwa hiyo niwaeleze: jina la ugonjwa ule halikutajwa mbele ya maiki, na mtu aliyelikaribia alikatizwa na wimbo wa kanisa kabla hajalimaliza. Nilisikia malaria kali ikitangazwa mara nyingi mno miaka ile, na waliosema walijua, na waliosikiliza walijua.

Tulimzika Aloo kwao Kisegi, mahali penye mawe ambapo kaburi lilichimbwa kwa mitaimbo. Owiti alikuwa amepangiwa kuimba. Alishika maiki, akafungua mdomo, akarudisha maiki mkononi mwangu. Nilisimama nayo kama mjinga. Hapo Atieno akaja akaichukua. Hakuna aliyekuwa amemsikia akiimba peke yake kabla ya siku hiyo. Alimwita Aloo kwa jina, akamtaja mama yake na wajomba zake, kama maombolezo yetu yanavyotaka, kisha akamuuliza: sasa ni nani atakayetuhesabia ili tuanze? Kwenye bendi mpiga ngoma ndiye anayehesabu. Chacha aliposikia hivyo aliketi chini, akaliweka gita kando, akalia waziwazi mbele ya watu. Mashua zilikuja kutoka fuo za jirani kwa sababu ya sauti ile, na kufika saa ya kuzika watu hawakuweza kutosha pale penye mawe.

Tangu siku hiyo Atieno aliitwa kila mahali. Aliombolezea wanamuziki kwanza, maana wanamuziki ndio waliokuwa wakifa haraka: mpiga orutu, zeze letu la uzi mmoja, wa upande wa Rongo, mchekeshaji mmoja wa Migori aliyeiga sauti za wabunge, mcheza ngoma wa shule aliyekuwa ameanza kujulikana. Halafu aliombolezea walimu, makondakta, wauza samaki. Tulikuwa tukikodiwa pamoja, yeye na honi zetu. Kuanzia Oyugis hadi Kosele na kwingineko watu waliijua sauti yake kama wanavyoijua kengele ya shule. Ikisikika ng'ambo, hawakusema kwamba Atieno anaimba. Waliuliza, "Atieno analilia nani leo?"

Biashara ilikua. Bwana Hamisi alinunua jenereta, akaongeza honi mbili, na hakufurahi hata kidogo. Alisema anaona haya kufungua duka asubuhi. Mimi pia nilikuwa nimechoka. Kuna wiki niliyosikia harufu ya mbao mbichi za jeneza hata kwenye chakula changu.

Chacha akafuata. Kwao ni mbele ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania, na jamaa zake hawakujua Kijaluo. Atieno alianza kumwombolezea kwa Kijaluo kama alivyozoea, na baba yake Chacha, mzee mwenye fimbo, akainuka katikati ya wimbo.

"Huyu msichana anasema nini juu ya mtoto yangu?" aliuliza. "Mimi nataka kusikia. Ni mtoto yangu."

Watu waliguna, wengine wakataka kumketisha. Nilipeleka mkono kwenye amplifaya nipunguze sauti. Atieno alinitikisia kichwa, akamgeukia mzee, akaendelea papo hapo kwa Kiswahili chetu cha sokoni, bila kuvunja mdundo. "Chacha, vidole yako ilikuwa inakimbia, leo imelala. Mzee amesimama anauliza wewe uko wapi, na mimi sina jibu ya kupatia yeye." Mzee alibaki amesimama hadi wimbo ukaisha. Baadaye alikuja kwenye vyombo vyetu na kuku aliyefungwa miguu, akampa Atieno, akasema, "Asante, mama. Sasa nimesikia." Alimwita mama, msichana wa umri wa mjukuu wake. Tulisafiri na kuku huyo hadi Oyugis na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumchinja.

Baada ya Chacha, Owiti hakupiga tena. Alikaa katika chumba cha kupanga mjini, na Atieno akawa anamlisha, anamwosha, anamgeuza kitandani. Walikuwa wameishi pamoja kwa miaka, lakini Owiti alikuwa na mke wa nyumbani, na kwa Atieno hakuna ng'ombe hata mmoja aliyepelekwa kwa baba yake. Kwetu mkiishi hivyo mnaishi tu. Owiti alipokufa, jamaa zake walikuja kuchukua mwili, na redio, na koti.

Mazishi yake yalikuwa makubwa. Vijana walifanya tero buru, wakafukuza mauti kwa mikuki na ng'ombe wanaokimbia, na fahali mmoja alinaswa na waya wangu akakokota honi hadi kwenye shamba la maharagwe. Nadhani Owiti angecheka. Nilipokuwa nikifunga waya upya, ndugu yake mkubwa alinijia.

"Fundi, yule mwanamke asikae na mjane. Aimbe, watu wanamtaka, lakini akimaliza aondoke kwa hema."

Aliimba. Sikumbuki maneno yote, ila mjane mwenyewe alikuja kumshika mkono katikati ya wimbo, na ndugu wale wakatazama pembeni. Alipomaliza aliondoka hemani kama alivyoagizwa, akaja kula nami kando ya jenereta. Alimega ugali kidogo, akauangalia.

"Umeona, omera?" aliniambia. Omera ndivyo tunavyomwita ndugu au rafiki. "Kwao mimi ni maiki. Wakimaliza wananifunga kwa waya wananiweka kwa sanduku."

Nilimwambia asiseme hivyo. Nilikuwa nimeona mifupa ya mabega yake chini ya gauni, na nilitaka anyamaze.

Hamkuwahi kumwona, kwa hiyo hamwezi kujua ilivyoniuma kumtazama alipokuja dukani miezi kadhaa baadaye. Ilikuwa mchana wa jua kali naye amevaa sweta. Alikuwa amerudi kwa mama yake, ng'ambo ya mto kutoka soko la Kosele, na kaka yake, Ouma, alikuwa amewaambia majirani kwamba Atieno amehamia Migori kuimba. Alilazwa katika jiko la mama yake ili asionekane. Siku hiyo mama alikuwa amempeleka hospitali, naye akaomba wapitie kwetu. Mama alibaki nje barazani. Atieno aliketi juu ya godoro la kuuza, akapumua kwanza, ndipo akasema.

"Fundi, mimi niliimbia Aloo. Niliimbia Chacha, niliimbia Owiti. Sasa mimi nikienda, nani ataimba? Wewe?"

"Utapona, dada."

"Usinidanganye, umebeba majeneza mingi. Skiza. Mimi sijaolewa. Unajua vile wataniweka."

Nilijua. Kwetu binti asiyeolewa hazikwi ndani ya ua wa baba yake. Anachimbiwa nje ya boma, nyuma ya ua wa miti ya ojuok yenye utomvu mweupe, na mambo yake hufanywa upesi na kimya. Hakuna hema wala wimbo, na wageni hawaalikwi. Wengi wameacha siku hizi. Boma la Ouma lilikuwa halijaacha.

"Sitaki kwenda kama kuku ya ugonjwa," alisema. "Washa hiyo mashine nijiimbie. Siku hiyo ikifika, wewe utapiga."

Hapo niliogopa, na sioni sababu ya kuwaficha. Kwetu mtu aliye hai haombolezewi. Kumwombolezea ni kuonyesha mauti mlango wake, na aliyeshiriki naye anajitafutia balaa. Nilikuwa na mke na watoto wadogo. Nilimwambia redio kaseti imeharibika. Atieno alicheka, kwa sababu ilikuwa ikipiga taarabu nyuma yangu wakati huohuo.

Bwana Hamisi alikuwa akisikiliza kutoka kaunta. Alifunga mlango wa mbele, jambo ambalo hakulifanya kamwe mchana ila wakati wa sala, akaja nyuma, akatoa kanda ya taarabu na kuweka kanda mpya.

"Miko hii yenu mimi hainihusu," alisema. "Mwanangu, wewe shika maiki tu. Kubonyeza nitabonyeza mimi. Haya, binti, ukiwa tayari."

Tulipanga magodoro pande zote ili kelele za soko zisiingie. Nilimshikia maiki karibu na kidevu kwa sababu hakuwa na nguvu za kuibeba. Aliimba kwa Kijaluo, akipiga mdundo kwa kiganja juu ya paja. Alijiita kwa jina, akamtaja mama yake mfinyanzi wa vyungu, akamtaja Ouma na shamba lao la mtama. Akasema amewalilia wenzake mmoja mmoja, na sasa zamu imemfikia mwenyewe na mdomo ni huohuo. Akasema msiulize nyumba yangu, nyumba yangu iko nje ya ua, mvua ikija nitaisikia kabla yenu. Katikati alikohoa, kikohozi kirefu kikavu, nikafanya ishara tukate tuanze upya. Alikataa kwa mkono. Alisema baadaye kwamba hana pumzi ya kuanza upya, na kwamba kikohozi nacho kilikuwa chake.

Bwana Hamisi alivunja vile vijino viwili vya nyuma ya kanda ili mtu asiweze kunasa kitu kingine juu yake. Atieno alitaka ibaki kwetu. Nyumbani, alisema, kwaya ya kanisani kwa Ouma ingepata njia ya kunasa nyimbo zao juu yake hata bila vijino. Kisha akatoka nje akamshika mama yake mkono, wakaenda, na mimi nikarudi kuuza mawe ya tochi. Nililia nikiuza. Mteja mmoja aliniuliza kama nimefiwa.

Habari zilinifikia kupitia mwanamke muuza viazi aliyetumwa na mama yake Atieno. Aliniambia tu, "Yule wako ameenda. Wanazika leo." Bwana Hamisi alikuwa Kisumu kuchukua bidhaa. Nilifunga honi moja na betri kwenye baiskeli, amplifaya na redio kaseti mgongoni, kanda katika mfuko wa shati. Njia nzima nilitamani tairi ipasuke. Wa kubonyeza sasa nilikuwa mimi, na hofu ilikuwa ileile.

Nilipofika kaburi lilikuwa tayari, nje ya ua, upande wa mteremko unaoangalia mto. Jeneza lilikuwa la mbao zisizopigwa randa. Palikuwa na mama yake, Ouma, na wachimbaji watatu waliokuwa wakitazama jua. Basi. Msichana aliyewaleta watu kwa mamia kwenye mazishi ya wenzake alikuwa na watu watano, na mimi wa sita. Nilikasirika hadi nikaacha kuogopa.

Ouma aliniona nikifungua kamba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa shemasi, mkulima, mtu aliyeaibika.

"Fundi, hapa hakuna disko. Huyu ni msichana hajaolewa. Tunaweka yeye chini, tunaomba, tunaenda."

"Sikuja na disko, Ouma. Nimekuja na yeye mwenyewe."

"Kwa hii boma honi haiingii."

"Na yeye haingii," nilimwambia. "Basi tutakaa nje sisi wote wawili."

Alinitazama kama anayetaka kunipiga, na nadhani angenipiga. Mama yake, aliyekuwa ameketi chini kando ya jeneza, hakuinua kichwa. "Ouma," alisema, "wacha afunge waya."

Niliifunga honi kwenye mti wa siala, ikitazama ng'ambo ya mto, kwenye mashamba ya kilima cha pili. Niliunganisha betri. Niliweka kanda. Nilibonyeza kitufe cha kurudisha badala ya cha kupiga, ikabidi nianze tena. Kisha sauti yake ikatoka, ikavuka mto, na mama yake akaweka viganja viwili juu ya mbao akavituliza hapo.

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Ouma alisimama na sepetu. Halafu ng'ambo niliona wanawake waliokuwa wakipalilia wakiinua migongo. Mmoja alifungua leso kiunoni akajifunga upya, kama wafanyavyo wanaojiandaa kwenda msibani. Mwanaume mmoja aliacha ng'ombe wake njiani. Wakaanza kuteremka kwa vijia, wawili, watatu, kisha wengi, wakivuka mto kwa kushikana mikono. Kwetu ukija matangani unakuja ukilia jina la marehemu. Hawa walikuja wakiwa tayari kulia lakini hawakuwa na jina. Walijua tu kwamba Atieno amerudi kutoka Migori na anaimba, kwa hiyo kuna mtu amekufa.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani mwenye jembe begani, akihema. Alimwona mama ameketi kwenye udongo, akamwona Ouma, akahesabu haraka kichwani.

"Ouma, pole sana ndugu yangu. Ni nani? Ni yule mjomba wenu wa Migori? Atieno analilia nani?"

Ouma alilitazama jeneza. Yule jirani akauliza tena.

"Ni Atieno," Ouma alisema.

"Ndiyo, nasikia ni Atieno. Nauliza analilia nani."

"Ni yeye. Atieno ndiye ameenda."

"Lakini si anaimba?"

Ouma alionyesha redio kaseti kwa kidole. Jirani akaisikiliza, na sasa alikuwa karibu vya kutosha kusikia maneno. Aliweka jembe chini taratibu, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga yowe na jina ndani yake. Wale wa nyuma yake wakafika wakiuliza swali lilelile, na Ouma ikambidi awajibu. Akawajibu waliofuata pia. Kila aliyefika alimlazimisha Ouma aseme kwa mdomo wake kwamba ni Atieno, ni dada yangu, yuko hapa, hakwenda Migori. Sikumbuki alisema mara ngapi. Najua kwamba wakati fulani hakuweza kusema tena akawa analia tu, na watu wakaelewa.

Mteremko ulijaa. Wanawake walivunja matawi wakazunguka kaburi, nje ya ua, na wengine wakauegemea ua hadi ojuok zikavunjika na maziwa yake yakachuruzika, na hakuna aliyejali. Nilirudisha kanda mwanzo kila ilipoisha. Walipomteremsha nilikuwa nimeshaipiga mara kadhaa na betri ilikuwa inaanza kuchoka.

Wakati wakifukia, alifika bibi mmoja mzee sana, haoni vizuri, akiongozwa na mjukuu wake mkubwa. Alikuwa ametoka mbali, na hakuna aliyekuwa amemwambia lolote njiani. Alifuata sauti hadi chini ya siala, akanishika mkono. Kanda ilikuwa imefika pale penye kikohozi. Bibi akasikiliza hadi kikaisha, uso umekunjamana.

"Wuoda," aliniambia, yaani mwanangu, "mpeeni huyo msichana maji. Ameimbia watu mingi, koo imekauka."

Ouma naye alimsikia. Aliweka sepetu chini, akapita katikati ya watu, akaingia ndani ya boma. Nilidhani ameshindwa, amekwenda kujificha alie peke yake. Akatoka na kikombe cha bati kimejaa maji, amekishika kwa mikono miwili ili yasimwagike, na watu wakampisha njia. Alikuja nacho hadi ukingoni mwa kaburi, akasimama hapo, hajui ampe nani.